Kiatu cha Baniani

Nilipokuwa mtoto, kivuli pekee kilichokuwa na baridi kijijini kwetu ndicho kivuli tulichokatazwa. Kilikuwa kivuli cha hekalu la Baniani. Kila alasiri kilianguka kutoka mnarani, kikavuka uwanja wa kiwanda cha zamani, kikailalia njia tuliyopita kwenda birikani kuteka maji. Pengine pote palikuwa jua, mchanga mwekundu na vichaka vya miiba ambavyo hata mbuzi aliviingia kwa kufikiri.

Kijiji chetu kiko upande wa bara wa Malindi. Ukishaiacha Kakuyuni nyuma, unaendelea mpaka ardhi inakauka na miti inakuwa mifupi. Tuliitwa watu wa Pambani, ingawa nilipozaliwa pamba ilikuwa imeshakufa na kiwanda cha kuichambua kimebaki kuta na popo. Watu walilima mahindi na kunde, wakaitazama mbingu, na miaka mingi mbingu haikuwatazama.

Katikati ya ukavu huo lilisimama hekalu. Mnara wake ulipanda kwa madaraja, kila daraja dogo kuliko la chini yake, na yote yamejaa sanamu: ndovu walioshikana mikia, wanawake wenye bangili waliokunja goti kama wanaotaka kuanza ngoma, maua ambayo hayajawahi kuota kwetu. Lilipakwa rangi ya waridi na samawati, na manjano kama ya embe bivu. Ndani ya lipu walikuwa wamepachika vipande vya vioo, hata asubuhi jua likipiga, mtu aliyekuwa akipalilia shamba la mbali alilazimika kufumba jicho. Na juu kabisa, mahali ambapo mimi ningeweka bendera, alisimama tausi wa saruji mwenye shingo ya buluu, mkia ameukunjua.

Wageni wachache waliopotea njia wakafika kwetu walisimamisha gari na kushangaa. Sisi hatukushangaa. Tulizaliwa tukalikuta, kama mtu anavyozaliwa akakuta ana shangazi mwenye makeke.

Lilijengwa na baba yake Bhai, enzi za pamba nyingi, alipoamini kwamba jamaa zake wengi watakuja kuishi nasi. Jamaa hawakuja, au walikuja wakaondoka. Alibaki Bhai peke yake, mzee mjane mwenye duka la chumvi, sukari, kiberiti na mafuta ya taa, na gari moja la kubebea mizigo. Sijui hata leo kama Bhai lilikuwa jina lake. Kila mtu alimwita hivyo, naye aliitika.

Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi. Alizaliwa mzima, alisema, kisha homa ya utotoni ikauacha nyuma mguu mmoja wakati mwingine ukiendelea kukua. Kwa hiyo fundi mmoja wa Mombasa alikuwa amemshonea kiatu cha kushoto chenye soli nene kama tofali. Cha kulia kilikuwa kiatu cha kawaida. Alipotembea ulisikia *tap, du, tap, du*, ukajua Bhai anakuja kabla hujamwona.

Kila alasiri alifunga duka akaenda hekaluni. Aliketi kwenye ngazi, akavua viatu, akavipanga pamoja na kuvigeuza vielekee njia. Hakuwahi kuviacha vikitazama ndani. Siku moja nilimwuliza kwa nini.

"Ukitoka kwa Mungu," aliniambia, "usianze kuhangaika na viatu. Vikute vimeshajua njia ya nyumbani."

Na mgeni yeyote aliyemtembelea, awe Baniani mwenzake kutoka mjini au mama wa kwetu aliyekwenda kukopa chumvi, akitoka alikuta viatu vyake vimegeuzwa hivyo hivyo. Ndala zilizokatika zikafungwa kwa waya zilipata heshima ileile.

Basi hilo ndilo lilikuwa hekalu, na huyo ndiye Bhai. Sasa niseme habari za ndege.

Kwetu kuna ugonjwa wa watoto uitwao dege. Mtoto huchemka homa, kisha ghafla hukakamaa, macho yakageuka yakabaki weupe mtupu, na mikono ikaanza kupapatika kama mbawa. Aliyeiona hali hiyo hahitaji kuulizwa kwa nini wazee waliupa jina la ndege. Walisema kuna ndege apitaye juu, na kivuli chake kikimwangukia mtoto mchanga, humchukua. Wakati mwingine humrudisha, wakati mwingine hamrudishi.

Hawe, ndivyo sisi Wagiriama tunavyomwita bibi, alikuwa na maelezo yake ya ziada.

"Ndege wengine hupita," alisema. "Mtoto anaweza kuponea kwa bahati tu, kwamba ndege alikuwa na haraka. Lakini yule wa mnarani kwa Bhai hapiti. Amesimama. Kivuli chake kinangoja."

"Kinamngoja nani, Hawe?"

"Kinangoja wewe ujifanye hukusikia. Mtoto asiyetimiza meno asipitishwe pale. Zunguka nyuma ya kiwanda."

"Nyuma kuna miiba."

"Mwiba hutolewa kwa sindano, Kadzo. Dege hatolewi kwa sindano."

Maneno hayo ya mwisho sikuyaelewa siku ile. Nilidhani ni namna yake ya kusema.

Nilikuwa na miaka minane, na mdogo wangu Charo alikuwa na mwaka na miezi kadhaa. Baba alifanya kazi katika hoteli Watamu, akija nyumbani kila mwisho wa mwezi na sabuni ndogo zenye harufu nzuri. Mama alilima. Kumbeba Charo ilikuwa kazi yangu nikitoka shule, na sikuiona kazi. Alikuwa mtoto wa kelele. Alijibu kila sauti: mbuzi akilia naye alilia kimbuzi, kengele ya hekalu ikigonga alisema "ngee" na kunipiga mgongoni ili nami niseme. Bhai alikuwa akimsikia kutoka ndani, naye aliigonga kengele mara ya pili kwa ajili yake tu, hata kama ibada imekwisha.

Siku hiyo ilikuwa ya joto la kuunguza nyayo. Nilikuwa na Charo mgongoni na dumu mkononi. Nilipofika penye njia panda nikaitazama njia ya nyuma ya kiwanda, miiba na jua, kisha nikakitazama kivuli. Kilikuwa kimelala mbele yangu, kirefu, cha samawati, na ncha yake ina umbo la mkia uliokunjuliwa. Nilisema moyoni nitapita mbio. Sikupita mbio. Nilipoingia kivulini nyayo zangu zilipoa, nikasimama. Kisha nikakaa. Nikamfungua Charo, akaanza kukipiga kivuli cha tausi kwa viganja, akicheka, kama anayemfukuza kuku.

Tulikaa kitambo. Kisha tukaenda birikani, na huko nako tukakaa, kwa sababu maji yalikuwa kidogo na foleni ndefu, na mbu wa birika ile hawakungoja jua lizame.

Sikumwambia mtu.

Yapata wiki mbili zikapita. Ninaiweka hiyo hesabu hapa kwa sababu sasa najua mbu huhitaji siku zake. Wakati ule sikujua, na muda ule niliona ni ndege tu aliyekuwa akichagua saa.

Wiki hiyo ya pili mwalimu wetu alitufundisha methali. Aliandika ubaoni kwa mwandiko wake mzuri: *Baniani mbaya, kiatu chake dawa.* Akatueleza kwamba hata mtu usiyempenda anaweza kuwa na jambo la kukufaa. Maelezo yalikuwa mafupi, kwa kuwa kengele ya mapumziko ilikuwa karibu. Mvulana wa nyuma, Katana, mtu wa mzaha, akainua mkono.

"Mwalimu, hata kiatu cha Bhai?"

Darasa likacheka. Mwalimu naye akacheka, akafuta chaki mikononi.

"Hata cha Bhai," alisema. "Tena cha Bhai ndicho chenye dawa nyingi. Hamuoni soli ilivyo nene?"

Tulitoka nje tukiwa bado tunacheka. Mwalimu yule alikuwa mtu mwema, na mimi mwenyewe nimesimama mbele ya watoto miaka mingi kiasi cha kujua jinsi mzaha unavyomtoka mwalimu aliyechoka, ukifika kwa watoto arobaini kama mzaha, na kwa mmoja kama habari.

Kesho yake, Jumamosi, Charo aliamka akichemka. Adhuhuri akakakamaa. Nilikuwa nimempakata. Macho yake yalinitazama, kisha hayakunitazama tena, yakageuka, na mikono yake midogo ikaanza kupapatika dhidi ya kifua changu. Nilizijua mara moja zile mbawa. Nilijua pia nani aliyempeleka kwa ndege.

Mama alimpokea. Hawe akaja na kitambaa chake chenye fundo la dawa za kufukiza. Akalifungua, akakuta limebaki vumbi.

"Imekwisha," alisema. "Ya mwisho ilikwenda kwa mtoto wa jirani, Kahindi."

"Basi tumpeleke hospitali," Mama alisema. Alisema polepole, akitazama chini, kama mtu anayeomba chumvi.

"Wakamchome sindano?"

"Mama, tufanye nini?" Mama alimwuliza mkwewe.

"Mtoto mwenye dege akichomwa sindano, hafiki mlangoni. Mtoto wa dada yangu hakufika mlangoni. Nilikuwa nimeshika miguu yake mimi, mikono hii. Nitatuma mtu kwa mganga, Jumatatu ataleta dawa mpya. Tumkande, tungoje."

Nimemfikiria sana Hawe maishani mwangu na sijaweza kumkasirikia. Hakuwa akitetea ukaidi. Alikuwa amemwona mtoto akifa punde baada ya sindano, na hakuna mtu aliyewahi kumweleza kwamba yule mtoto alifikishwa akiwa ameshaondoka nusu. Alikuwa akimlinda Charo kwa silaha pekee aliyokuwa nayo, nayo ilikuwa kukataa.

Baba alikuwa Watamu. Siku zile hapakuwa na simu ya kumpigia. Mama alikuwa mke aliyeolewa katika boma la watu, na neno la mama mkwe halikuvukwa. Nilimwona akikaa, akisimama, akikaa. Nami nilikuwa nimesimama kando ya mlango nikiwaza jambo moja tu. Dawa imekwisha. Dawa nyingine ninajua iliko.

Alasiri nilikwenda hekaluni. Bhai alikuwa ndani, nikamsikia akisoma sala zake kwa sauti ya puani. Viatu vyake vilikuwa ngazini, vimeangalia njia. Cha kulia sikukigusa. Nilichukua cha kushoto. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani, na bado kilikuwa na joto la mguu wake. Nilikificha chini ya kichaka cha pamba mwitu karibu na ukuta wa kiwanda, nikakifunika kwa majani, nikakimbia nyumbani kungoja giza la kukichukulia.

Nilipofika nikamkuta Mama amejifunga Charo mgongoni.

"Chukua dumu," aliniambia kwa sauti ambayo Hawe aliisikia. "Twende maji."

Hakuna mtu aendaye maji na mtoto mgonjwa mgongoni. Hawe alijua, nadhani. Aligeuza uso ukutani. Labda hiyo ilikuwa ruhusa yake, ruhusa pekee aliyoweza kuitoa.

Mama hakuelekea birikani. Siku za Jumamosi Bhai alikwenda Malindi jioni kuchukua bidhaa, na watu waliomba lifti nyuma ya gari lake. Tulipofika tukamkuta ameketi ngazini, kiatu kimoja mguuni, na mguu mfupi umening'inia kama wa mtoto aliyekaa kwenye kiti cha mkubwa.

"Shikamoo, Bhai," nilisema. Adabu hainiachi hata nikiwa mwizi.

"Marahaba, Kadzo. Charo wangu leo mbona kimya? Amelala?"

"Amelala," Mama alisema. "Bhai, leo huendi mjini?"

"Leo siendi, mwanangu. Kiatu kimepotea." Akacheka kidogo, kwa aibu. "Nafikiri mbwa. Bila kile, mguu haufiki kwenye klachi. Gari haitaki dua, inataka klachi."

Kama Mama angesema, "Mtoto anakufa," mambo yangekuwa mengine. Lakini Mama alikuwa ametoka nyumbani kwa uongo wa maji, na aliyetoka kwa uongo hupata shida kuupata ukweli njiani. Tena Bhai alikuwa mzee, amepotelewa, anaona haya mguu wake kutazamwa. Mama aliona haya pamoja naye.

"Pole, Bhai," alisema tu.

"Nimekwisha kupoa. Unataka kitu dukani?"

"La. Tunapita."

Nami? Kichaka kilikuwa hatua hamsini kutoka pale. Ningeweza kunyoosha kidole. Neno moja, au hata bila neno. Watu hufikiri mtoto hunyamaza kwa sababu anaogopa kipigo. Niliogopa, kweli. Lakini kilichonifunga kinywa hasa ni kwamba niliamini. Niliamini kwamba wao wawili, watu wazima, wanahangaika na gari kwa kuwa hawajui nilichokijua mimi. Dawa ilikuwa yangu, na nikiirudisha mguuni mwa mwenyewe, Charo atakufa.

Tukarudi. Kivuli cha tausi kilikuwa kimeshafika mbali, kimepanda hadi ukuta wa kiwanda. Mama alikipita katikati bila kukiona.

Magharibi nilikichukua kiatu. Nyuma ya jiko nilikikata soli kwa kisu, vipande vya mpira na vya mti mwepesi vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka. Nilipekua ndani, nikitarajia unga, au mzizi, au karatasi iliyoandikwa. Hapakuwa na kitu. Nikasema basi dawa ni chenyewe. Hawe alipokwenda kujinyoosha, na Mama yuko nje anachota maji ya kumkandia, niliweka vipande juu ya makaa ya kigae, nikamfunika Charo na kigae kwa kanga, kama nilivyomwona Hawe akifanya kwa watoto wengine.

Moshi ulikuwa mweusi na mchungu. Charo alikohoa, na kwa kuwa tangu adhuhuri alikuwa hajatoa sauti, nilifurahi. Nilisema, inafanya kazi.

Mama aliingia akaniondolea kanga mikononi. Hakunipiga. Alikitazama kigae, akanitazama, na nikaona anaelewa kidogo kidogo, kama mtu anayesoma barua kwa shida. Kisha akakaa chini, akampakata Charo, akafunika uso wake kwa ile kanga yenye moshi.  Kilichobaki cha kiatu alikitia motoni mwenyewe, na hatukulizungumza jambo hilo siku ile wala siku nyingine yoyote mpaka alipokufa.

Alfajiri, kabla Hawe hajaamka, Mama alikwenda kwa Bhai peke yake. Mara hii alisema kwamba mtoto anakufa. Baadaye tulisikia mlio wa gari, ukilia kwa taabu, ukishtuka na kuzimika na kuwaka tena. Bhai alikuwa ameokota pande la mbao kutoka kwenye mashine za kiwanda, akalifunga chini ya mguu wake kwa vitambaa vyekundu na vya manjano. Nilivijua vitambaa vile. Vilikuwa vya kuivisha sanamu ya mungu wake.

Hawe alitoka mlangoni. Nilidhani atazuia. Alimtazama Bhai, akautazama ule mguu.

"Watamchoma," alisema.

"Mama, tutaomba," Bhai akamjibu. "Wewe kwa wako, mimi kwa wangu. Twendeni."

Niliketi mbele, katikati yao, Charo juu ya mapaja ya Mama. Gari lilikwenda kama ng'ombe asiyetaka. Kila alipokanyaga klachi, mbao iliteleza, naye alitoa pumzi kwa nguvu. Baada ya kupita Kakuyuni alinusa hewa.

"Mtoto ananuka mpira," alisema.

"Ni mafusho," Mama akajibu.

 Bhai aligeuka akanitazama mara moja, si kwa muda mrefu, kwani njia ilikuwa mbaya. Kisha akatazama mbele. Mpaka leo sijui alichokijua.

Hospitalini Malindi walimchoma sindano, na alifika mlangoni, na akatoka mlangoni siku tisa baadaye akiwa hai. Lakini siku ile ya kwanza daktari, mtu mpole mwenye macho ya kukosa usingizi, alimwuliza Mama, "Alianza lini?"

"Jana adhuhuri."

"Na jana jioni mlikuwa wapi?"

 Mama aliushika mkono wangu. Sikujua kama ananificha au ananishikilia nisianguke.

Charo alirudi nyumbani mwembamba, akajifunza upya kukaa, kisha kusimama. Tulishukuru. Hawe alichinja kuku. Siku ya tatu au ya nne nilimbeba, nikapita naye njia ya miiba, nyuma ya kiwanda, na kengele ya hekalu ikagonga. Nikangoja "ngee" yake. Haikuja. Bhai, ambaye bila shaka alituona kupitia dirishani, akagonga mara ya pili, kisha ya tatu, kwa nguvu. Charo alikuwa akimtazama siafu aliyepanda mkononi mwangu.

Hakusikia tena kitu chochote. Na kwa kuwa hakusikia, maneno machache aliyokuwa nayo yalimtoka moja moja, kama maji kwenye dumu lililotoboka, nasi tukitazama.

Hawe aliamini mpaka mwisho kwamba ndege alimrudisha mtoto akabaki na masikio. Sikubishana naye. Ningebishana kwa lipi? Aliniambia nisikipite kivuli, nikakipita. Alinionya, na alichonionya kikatokea. Mimi nimesoma, najua habari za mbu na birika, na nimewafundisha watoto wengi wazifahamu. Najua pia kwamba jioni ile moja tuliyoipoteza pengine ingemwachia masikio yake, na pengine isingemwachia. Hilo "pengine" ndilo sijapata wa kuniondolea.

Bhai aliagiza kiatu kingine Mombasa, kikachukua miezi. Kwa miezi hiyo alitembea na ile mbao. Kiatu kipya kilipokuja, alikiacha ngazini kila alasiri, mahali palepale, bila kukificha, kimeangalia njia.

Nimekuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu maisha yangu yote. Kila mwaka tunafika kwenye methali ile. Ningeweza kuiruka, lakini watoto wataikuta kwingine, na mtu mwingine atacheka. Kwa hiyo ninaiandika ubaoni, kisha ninawauliza: "Nani amesema huyu Baniani ni mbaya?"  Ninawaacha wakae na swali. Nikisikia mzaha unanijia mdomoni, ninaumeza.

Charo sasa ni mtu mzima mwenye mvi mbili tatu. Bhai alimchukua tangu akiwa kijana, akamfundisha kusafisha sanamu, kupaka rangi mnara, kubadilisha mafuta ya taa za ibada. Bhai alipofariki, jamaa zake wa mjini walimwachia Charo ufunguo, nao huja mara moja kwa mwaka na magari yao na maua. Siku nyingine zote hekalu lile la waridi na samawati lina mtu mmoja tu anayeligusa, naye ni Mgiriama asiyesikia. Jioni huigonga kengele mwenyewe. Hugonga, kisha huweka kiganja juu ya shaba, akafumba macho mpaka mtetemo uishe.

Mwaka jana, likizo ya Agosti, nilikwenda kumwona nikiwa nimeazimia kumwambia. Hatuna lugha kubwa kati yetu. Tuna ishara tulizozitengeneza utotoni, za maji, chakula, Mama, kulala, njoo. Bhai tunamwonyesha kwa kuweka vidole viwili chini ya kisigino, yaani soli nene. Niliweka vidole viwili chini ya kisigino. Nikajinyooshea mimi. Nikafanya ya kuchukua, ya kuficha, ya kuchoma. Nikagusa sikio lake, nikagusa kifua changu. Nilirudia yote toka mwanzo, machozi yakinitoka, mwanamke mzima aliyelipwa mshahara miaka yote hiyo kwa kueleza mambo yaeleweke.

Charo alinitazama kwa subira. Kisha uso wake ukafunguka, akatikisa kichwa kwamba ameelewa, akanishika mkono akaniongoza ndani. Kando ya sanamu, juu ya kitambaa safi cha manjano, ameweka lile pande la mbao. Limelainika mahali mguu ulipokanyaga, na amelivika uzi wa maua mabichi. Alionyesha mbao, akanionyesha mimi, akajionyesha yeye, akafanya ishara ya usukani. Alidhani nalia kwa kumkumbuka Bhai, na kwa lile gari lililomwokoa.

Sikuwa na ishara ya kumkatalia.

Alinikumbatia. Tukasimama pale, ubani ukinuka, kisha Charo akatangulia kutoka, nami nikabaki nikipangusa uso. Nilipotoka, kivuli cha mnara kilikuwa kimeshafunika ngazi, na viatu vyangu, nilivyovivua kwa haraka vikaanguka huku na huku, nilivikuta vimepangwa pamoja. Vilikuwa vimegeuzwa, vinatazama njia.